Fungu la Sungura

Mume wangu Egon aliacha kunitazama usoni mwaka ule, kabla hata viazisukari havijaanza kung'olewa. Akizungumza nami, macho anayapeleka pembeni, juu kidogo ya sikio langu la kushoto, pale ukutani ilipotundikwa saa ya marehemu mama. Mara ya kwanza niligeuka kuangalia kuna nini. Kulikuwa na saa, basi. Nikamwuliza, "Unachelewa wapi?" Akasema, "Sichelewi popote, Ragna." Na anasema hivyo macho bado yako kwenye saa.

Mimi si mtu wa kusingizia watu. Lakini nimezaliwa hapa Lolland, kisiwa kisicho na hata kilima cha kumficha mbuzi, jirani akianika soksi unajua ni za nani. Nimejifunza kwamba mtu asiyekutazama usoni ana jambo. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho ninayo.

Jambo lenyewe nililihisi mapema kwamba lina harufu ya shamba. Baba alipofariki, kaka yangu Verner alirithi nyumba kubwa na mashamba ya juu. Mimi nikapata lile la bondeni, chini ya tuta la kuzuia bahari. Udongo wake ni mzito, unakuvua buti ukizubaa, lakini viazi vyake vinanenepa kuliko vya mtu yeyote. Siku ile ile ya mazishi, makoti meusi bado yametulemea, Verner aliniambia, "Ukilichoka, mdogo wangu, usimpe mgeni." Watu wakaona kaka ana huruma. Mimi niliona mate yanamtoka.

Sasa fikiria mwenyewe. Mwezi wa Agosti tunakula samaki, Egon anatazama saa, mara anasema, "Labda tumkodishe Verner lile shamba."

Uma uliniponyoka. Egon huyu alikuja kunioa kutoka Jylland ya magharibi, kwenye mchanga mtupu, na alipoona udongo wa baba yangu alipiga magoti akaunusa. Miaka yote anasema atazikwa na buti zake. Nikamwuliza, "Nani amekutia maneno hayo?"

"Hakuna aliyenitia. Nawaza tu."

"Basi waza kimya kimya. Lile shamba ni langu, na halikodishwi ng'o."

Hakubisha. Hilo nalo likaniuma, kwa sababu Egon hubishana hata na redio. Nikajua kuna mtu nyuma yake, na mtu huyo nimezaliwa naye tumbo moja.

Mashine ya kung'olea viazi tunayo moja kwa nyumba mbili, ya zamani, inakokotwa na trekta. Verner huanza kwake, akimaliza inashuka kwetu. Utaratibu aliuweka baba: kila nyumba inaendesha kwenye shamba lake, wala mtu haingizi gurudumu kwa mwenzake bila kuitwa. Kwetu Egon ndiye dereva. Mimi adhuhuri napeleka chakula na kahawa, na shamba likiisha napita nyuma na ndoo nikiokota viazi vilivyorukwa na mashine. Ndiyo kazi yangu tangu enzi za baba, na sijawahi kumwachia mtu.

Asubuhi mashine iliposhuka kwetu, Egon akasema akiwa anavaa buti, "Chakula usilete mwaka huu. Nitabeba mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Njia ina matope."

"Matope yameanza mwaka huu?"

Akachukua kopo la chakula, akatoka, akapanda baiskeli. Baiskeli. Mtu ambaye alikuwa akiwasha gari kwenda kuchukua barua getini. Nikamfuata mpaka mlangoni nikamwuliza gari lina ugonjwa gani. Akasema mwili unataka mazoezi. Akaondoka taratibu, anayumba kidogo kama mtoto anayejifunza, na kona ya mti wa tufaha nusura aikose. Nilicheka peke yangu, lakini si kicheko cha furaha.

Kopo la chakula ndilo lililonifungua. Egon hali ini la kusaga. Tangu utoto wake akiliona kwenye mkate anageuza uso. Siku moja mayai yaliniishia, nikampakia ini juu ya mkate mweusi wa rai, na tango la siki, nikijua litarudi lilivyo. Jioni kopo limerudi jeupe, hata chembe hakuna.

"Umekula ini?" nikamwuliza.

"Ulikuwa mtamu sana huo mkate," akaiambia saa.

Machale yakanicheza. Kesho yake nikatega mtego: vipande vyote ini, tupu. Kopo likarudi jeupe tena, na Egon hana njaa wala nini. Akala viazi viwili vya chakula cha jioni, akajifuta mdomo kama mtu aliyetoka karamuni. Nikajua mkate wangu unaliwa na mdomo mwingine, na mume wangu analishwa na mkono mwingine.

Nakiri nilianza na mwanamke. Nilimwaza mpiga kinanda wa kanisani, nikamwaza mjane wa daktari wa mifugo, ambaye hata akinunua siagi anajipodoa. Lakini nikajiuliza, mwanamke gani mwenye akili zake atakwenda kufanya mapenzi kwenye tope la Novemba, upepo wa bahari unampiga, halafu ale ini? Yule mjane kucha zake tu zisingekubali.

Nikaenda dukani nikakutana na wifi yangu Tove, mke wa Verner. Tove nampenda, ila mdomo wake hauna mfuniko. Ukitaka kitu kijulikane mpaka upande wa pili wa kisiwa, mwambie ni siri. Nikamsogelea karibu na mikate.

"Wifi, hawa waume zetu wana nini?"

Akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Wana nini, wifi? Hawana kitu."

"Egon hanitazami usoni."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Halafu akasema, "Samahani, nimeacha mkate kwenye oveni," akaondoka mbio, na mkononi kashika mkate wa dukani.

Tove kufunga mdomo. Niliporudi nyumbani nilikaa jikoni bila kuvua koti. Kama ni mwanamke, Tove angeniambia kabla hata sijauliza. Kanyamaza kwa sababu jambo ni la nyumbani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Na jioni ile ile nilimkuta Egon ameshika simu, amenipa mgongo, anasema kwa sauti ya chini, "Sawa, shemeji. Kesho kama kawaida. Hapana, bado hajui." Alipousikia mlango akakata.

"Nani hajui?" nikasema.

"Kiwanda cha sukari," akasema. "Hakijui lori la mwisho lije lini."

Kiwanda siku hizi ni mtu, nikawaza, na kina jina langu.

Usiseme kwamba nilikuwa na wivu. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hugeuka hasira. Lile shamba ndilo kitu pekee duniani nilichopewa mimi. Baba alimfundisha Verner trekta, akamfundisha mashine, akamfundisha kupiga hesabu na kiwanda. Mimi alinifundisha kuokota. Alipokufa akaniachia ule udongo wa bondeni, na kwa mara ya kwanza nikajua alikuwa akiniona nilipokuwa nyuma yake na ndoo. Likienda hilo, nabaki na ndoo.

Shamba lilipokwisha, lundo la viazi likiwa limekaa kando ya barabara likisubiri malori, Egon aliniambia nisihangaike kuokota. "Mashine imesafisha vizuri sana safari hii. Hakuna kilichobaki."

Nikasema sawa. Nikamsubiri aende bandani, nikachukua ndoo nikatia gari moto.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya tuta, bahari unaisikia huioni. Nikapita mstari mmoja mmoja, nikaokota kimoja hapa, kimoja pale. Kweli palisafishwa. Palisafishwa kuliko Egon anavyosafisha, maana Egon ana haraka, mwisho wa mstari huinua visu mapema. Hapa visu vilikwenda mpaka ukingoni. Nikaanza kutembea polepole. Nikafika kona ya kaskazini, pale tuta linapopinda, na ndoo ikanitoka mkononi.

Viazi vilikuwa bado vimesimama ardhini. Kipande cha pembe tatu, kama chumba kidogo, majani yake mabichi, hakijaguswa.

Hilo lilikuwa fungu la sungura. Baba hakuwahi kumaliza shamba. Kona ya kaskazini alikuwa akiacha kipande kisichong'olewa, kwa ajili ya sungura wa porini wakati wa theluji. Alikuwa akisema, "Sungura akikosa kwetu ataenda kwa jirani, na jirani atasema ni sungura wetu." Hakuna mkulima mwingine kisiwani anayefanya hivyo. Verner alirithi nyumba na akarithi na hilo, kila mwaka anaacha. Egon ndiyo kabisa hataki kulisikia. Tuligombana naye mwaka wa kwanza tulipolirithi shamba. Aliniambia kwao Jylland hata sungura analipa kodi, na akang'oa mpaka kiazi cha mwisho. Hajawahi kuacha hata jani.

Kwa hiyo aliyekalia trekta kwenye shamba langu alikuwa kaka yangu. Mchana kutwa, siku zote zile, na mkate wangu wa ini anautafuna yeye. Ameingiza gurudumu bila kuitwa na mimi, ameng'oa viazi vyangu mpaka ukingoni kama mali yake, na akimaliza ameweka na alama ya baba juu, kama mtu anayegonga muhuri. Niliona limekwisha, wameshakubaliana, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Nikapiga magoti nikachimba kwa mikono mpaka kucha zikaingia tope, nikang'oa kimoja, nikakitia kwenye ndoo.

Lori la mwisho linapoondoka kuelekea kiwandani, nyumba zetu mbili hunywa kahawa pamoja jikoni kwa Verner, kwenye meza ya baba. Kiazi cha mwisho huoshwa, kikawekwa kwenye sahani katikati, kikachomekwa bendera ndogo ya karatasi, zile zile tunazochomeka kwenye keki za kuzaliwa. Mwaka huo tulikaa wanne kama kawaida. Tove alikuwa ameoka keki ya krimu na alikuwa akiongea juu ya hali ya hewa bila kupumua. Verner, mkubwa kama mlango, anakoroga kahawa ambayo hatii sukari. Egon anatazama dirisha lililo nyuma ya bega langu.

Sikuvua koti. Nikatoa kiazi changu mfukoni, na tope lake, nikakiweka mezani kando ya kile chenye bendera. Udongo ukamwagika kwenye kitambaa cheupe cha Tove.

"Hiki kimetoka kona ya kaskazini," nikasema. "Shambani kwangu. Nani alikiacha?"

Verner akaacha kukoroga. "Ni mimi," akasema.

"Nani alikuita?"

Akamtazama Egon. Egon akainamisha kichwa. Verner akasema, "Nimezoea tu kuacha, mdogo wangu. Sikufikiri."

"Sijakuuliza kuhusu sungura. Nakuuliza umefuata nini shambani kwangu."

Basi nikamwaga vyote. Nikamwambia baba alimpa nyumba, akampa mashamba ya juu, akampa kiti hiki alichokikalia, na bado hajashiba. Nikamwambia amekuwa akinizunguka tangu mazishini, na kwamba amemgeuza mume wangu akawa mtu wa kutazama saa. Nikamwambia mwizi wa usiku ana afadhali, maana yeye huona haya akaja gizani. Verner alipokea yote. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imefunguka, na hakuinua hata kidole kujitetea. Hilo lilinizidishia hasira. Mtu mwenye haki hubisha.

"Mwambie, shemeji," Tove akasema, na machozi yanamtoka. "Mwambie, au nitasema mimi, nimechoka kukimbia madukani."

Egon akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake. Nilikuwa namwangalia kwa chuki, kwa hiyo niliona vizuri. Mkono ulikwenda moja kwa moja ukaingia kwenye keki. Vidole vyote kwenye krimu. Hakuutoa haraka. Aliuacha pale pale, kama mtu aliyechoka kujificha.

"Ragna," akasema, "uso wako siuoni."

Nilidhani ni maneno ya kugombana. Nikasema, "Ndiyo, hunitazami, utauonaje?"

"Nisikilize. Nikikutazama usoni, haupo. Nikitazama kitu, kile kitu ndicho kinachopotea. Tangu wakati wa kulima. Daktari wa macho mjini anasema katikati ya jicho pamekufa, pembeni pamebaki. Hapaponi. Mstari wa viazi siuoni, nikiukazia macho unafutika. Ndiyo maana nilimwomba Verner."

"Tangu wakati wa kulima," nikasema.

"Nilijua nikikwambia utaliuza shamba ili ukae nyumbani uniangalie mimi. Nikasema tumkodishe Verner, usijue kitu, shamba libaki lako. Akakataa."

Verner akasema polepole, huku akitazama mikono yake, "Nilimwambia nitamvunia, lakini shamba la Ragna silikodi akiwa amefichwa sababu. Nikampa mpaka kahawa ya leo awe amekwambia."

Nilitafuta hasira yangu niishike, sikuipata yote. Nikamwuliza Egon, "Na ini?"

"Verner analipenda. Mimi nakula mkate wa Tove."

Tove akageuka. "Umekula ini? Daktari alikwambia nini kuhusu ini?"

"Kidogo tu," Verner akasema.

"Vipande vyote," nikasema. "Kila siku. Nilipaka mwenyewe, kwa unene."

Hakuna aliyecheka sana, lakini Tove alimfuta Egon vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, na mimi nikavua koti. Nilimwambia kaka yangu kwamba nimemwita mwizi, na kwamba nimelisikia neno hilo likitoka na sijui nitalirudishaje. Akanisogezea kipande cha keki, kile kisichoguswa. Kisha akasema mashine haina dereva wa mwakani kule bondeni, na kiti cha trekta ni kipana, kinatosha mwanafunzi na mwalimu. Baba hakunifundisha, nikamwambia. Akasema baba alikuwa na makosa yake, na yeye mwenyewe akala kile kipande alichokitia vidole Egon.

Jioni ile, nyumbani, nilimwekea Egon chai na mkate wenye mayai, nikakaa mahali pangu, mbele yake. Akapeleka macho pembeni, juu ya sikio langu la kushoto, kwenye saa. Mazoea yakanifanya nikaze meno. Halafu nikakumbuka.

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Nikitazama saa, nakuona wewe," akasema. "Kidogo, kwa pembeni. Shavu, na hizo nywele. Hujazichana leo."

"Nilikuwa nawavizia nyie, ningechana saa ngapi."

Akacheka. Mimi sikuweza. Miezi yote ile, kila alipoitazama ile saa, mtu huyu alikuwa akinitafuta mimi, na mimi namhesabia dhambi. Nikataka kusogeza kiti niende upande wake, nimshike hata mkono.

"Usisogee," akasema. "Ukisogea nakupoteza."

Nikatulia pale pale, mimi ambaye sijui kutulia, mpaka chai ikapoa.